Baiskeli Zisizobeba Mtu

Kanuni ya kwanza ya klabu yetu haikuhusu kofia ngumu, wala breki, wala maji ya kunywa. Ilihusu porte-bagage, kile kiti cha chuma cha nyuma ambacho nusu ya Kisangani imekikalia. Siku moja mama wa sokoni alimkalia Zakaria nyuma akidhani ni toleka, baiskeli ya teksi, na kapu lake la mpunga mapajani, akamwamuru, "Toleka, nipeleke Mangobo, na uepuke mashimo." Sisi tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Zakaria ndiye rais wetu, mtu wa ofisini kule uwanja wa ndege wa Bangboka, na yeye hakucheka hata kidogo.

"Club haiko toleka," alisema jioni ile, bisibisi mkononi, akionyesha kiti cha nyuma kisha vibati vya kuzuia matope. "Porte-bagage inatoka. Garde-boue inatoka. Sisi tuko ba-sportifs."

Baba yetu alitulea kwa toleka. Kila sahani ya wali niliyokula utotoni ilikuwa kwanza abiria nyuma ya baiskeli yake. Lakini nilifungua chuma changu kama wenzangu, kwa sababu napenda baiskeli ikiwa nyepesi, na kwa sababu ukitaka kuwa mwanachama unafuata kanuni. Mdogo wangu Alfani alifungua chake akiimba. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi wa simu, na klabu ile ilikuwa kila kitu kwake.

Safari yenyewe ilikuwa ya Jumamosi na Jumapili: kupita msitu wa Masako, kupanda vilima vya nyuma yake, kulala katika darasa la shule moja ya huko, kisha kurudi. Wanachama wengine waliangalia mawingu wakakumbuka kwamba wana misiba. Tukaondoka wanne: Zakaria mbele, Alfani, mimi, na Émilie, mwalimu wa hesabu, binti wa Wagenya, wavuvi wa maporomokoni, mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akisema uongo hata wa kumsifu mtu nguo.

Mvua ilitukuta kabla hatujafika vilimani. Barabara ikawa uji mwekundu. Niseme kweli, tulifurahi. Tulianguka, tukachekana, tukala matope. Alfani alikuwa mwekundu mpaka kwenye kope.

Sasa, barabara ile ina sheria yake, na kila anayeipita anaijua. Ukimkuta mwenye baiskeli ya mzigo anapanda kilima, nawe huna mzigo, unashuka, unaweka mkono kwenye gunia, mnapanda pamoja hadi juu. Huulizi jina, hudai asante. Katika kilima kikubwa tulimkuta mama mmoja peke yake, baiskeli ya zamani yenye magunia mawili ya makaa, miguu imezama, anasukuma kwa kifua. Zakaria alikuwa anapima mwendo wetu kwa saa yake. "Piste! Piste!" akapiga kelele. Yule mama akajibana pembeni, tukampita wote wanne. Alfani peke yake aligeuza kichwa akasema, "Pardon, mama." Kisha naye akaenda.

Asubuhi ya Jumapili tukateremka. Mvua ilikuwa imepungua lakini udongo ulikuwa unateleza kama bamia. Alfani alikuwa mbele yangu. Gurudumu lake likaingia katika mfereji uliochimbwa na maji, baiskeli ikasimama, yeye akaendelea. Ncha ya usukani ikamgonga kwa nguvu ubavuni, upande wa kushoto, chini ya mbavu. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliyekumbuka jambo.

Akainuka. Alama ilikuwa duara dogo jekundu, hata ngozi haikuchanika. "Hakuna kitu, Yaya," aliniambia mimi dada yake mkubwa. "Ni bega tu njo inauma."

Bega! Tukamsugua bega. Émilie alikuwa na mafuta ya kuchua, tukampaka, tukamfunga kitambaa, tukamtania kwamba ameanza uzee. Tumbo lilikuwa limejipasukia ndani kimya kimya, maumivu yakipandia begani, na sisi wajinga tunakanda bega lisilo na kosa. Haya niliyajua baadaye kwa muuguzi. Wakati ule nilichokiona ni kwamba ameacha kutania. Kisha akaacha kukanyaga pedali. Kisha akakaa kwenye majani ya kando ya njia, jasho linamtoka na meno yanagongana.

"Yaya, niko na baridi."

Midomo yake ilikuwa imepauka kama chikwangue ya muhogo.

Zakaria akakimbia juu ya kilima kutafuta mtandao. Alimpata kwa simu mwenye pikipiki mmoja wa mjini, akamweleza, akamsihi, akamwita kaka. Yule akasema kijito kilikuwa kimechukua magogo ya daraja tangu usiku, pikipiki haipiti, tungoje maji yapungue. Tungoje! Zakaria aliporudi na jibu hilo, nilimtukana mtu yule tusi ambalo mama yangu hajui kama nalijua, na simu ilikuwa imeshakatika.

Basi tukabaki na baiskeli nne. Tazama mali tuliyokuwa nayo: gia ishirini na kitu, springi mbele na nyuma, breki zinazoshika kwa kidole kimoja. Na hakuna hata moja ya kumbeba mtu. Tulimkalisha kwenye bomba la mbele; bomba lenyewe limeinama, akajikunja juu ya tumbo na kupiga yowe ambalo nalisikia hadi leo. Tukamweka kwenye kiti chenyewe, mmoja akishika kulia na mwingine kushoto, lakini udongo ulijaza magurudumu yakakataa kuzunguka. Zakaria akambeba mgongoni. Alikwenda kidogo, akateleza, wakaanguka wote wawili, na Alfani safari hii hakulia kabisa. Kutolia kule kulinitisha kuliko yowe.

"Ungeacha moja tu," nilimwambia Zakaria. "Porte-bagage moja tu, Président!"

Alikuwa amepiga magoti katika matope, anajaribu kumfuta Alfani uso kwa mkono uliokuwa mchafu kuliko uso wenyewe.

Nyumba ya kwanza tuliyoifikia tukimbeba mikononi ilikuwa na baiskeli imeegemezwa ukutani, ile ya zamani, nzito, ya chuma kitupu. Nyuma ina porte-bagage pana iliyoongezwa mbao, na juu yake magunia mawili ya makaa yamefungwa tayari. Mwenye nyumba akatoka na kikwembe chake, kitenge cha kwenda kanisani. Nikamtambua, naye akatutambua.

"Bale ba piste," alisema.

Jina lake lilikuwa Mama Pétronille. Nilitaka ardhi inimeze, lakini sikuwa na nafasi ya aibu. "Mama," nikasema, "huyu ni mudogo yangu. Anakufa. Tupatie velo."

"Velo hii njo inalisha batoto yangu. Kesho iko soko. Jana mulipita, hata mukono hamukuweka."

"Mama, hatukuweka. Uko na haki. Tupatie velo."

Zakaria akamsogezea baiskeli yake iwe rehani, ile inayong'aa hata chini ya matope, bei yake inajenga nyumba. "Mama, baki na hii. Kama gage. Hata kama haturudi, ni yako."

Mama Pétronille akaizunguka, akaitazama nyuma, akaigusa pale palipokuwa patupu.

"Nitaweka makala wapi?" akauliza, akiyatazama magunia yake ya makaa. Hakuwa anatania. Alikuwa anauliza kweli.

Kisha akamwendea Alfani. Akachuchumaa, akamwekea kiganja shavuni. Alfani akafungua macho. "Pardon, mama," akasema, neno lile lile la jana, sijui kama alimjua au alikuwa anamwomba radhi kila mtu. Mama Pétronille akasimama, akaanza kukata kamba za magunia kwa kisu, haraka haraka, huku akitugombeza kwamba tumesimama kama miti.

"Lakini makala yangu itafika soko," akasema.

"Itafika," Zakaria akamjibu. "Mimi nabaki. Nitaibeba na kichwa."

Na alibaki, rais wetu. Mara ya mwisho nilipogeuka alikuwa amejitwisha gunia la kwanza, shingo imekaza, vumbi jeusi la makaa linamtiririka na mvua usoni.

Mama Pétronille alivua kikwembe cha kanisani, akabaki na cha ndani, akanipa. Nikapanda baiskeli, wakamkalisha Alfani nyuma yangu, tukamfunga mgongoni mwangu kwa kile kikwembe, mafundo mawili kifuani. Namna hiyo hiyo nilimfunga alipokuwa mtoto, mama akiwa sokoni nami nikiwa na miaka kumi, nikitwanga pondu, majani ya muhogo, huku yeye amelala. Safari hii miguu yake ilikuwa mirefu, Émilie akaifunga kwenye chuma isiingie katika spoku. Kichwa chake kikakaa kati ya mabega yangu. Nilisikia pumzi yake ya moto kupitia shati lililolowa.

Kwenye kijito vijana wa kijiji walituvusha, baiskeli na sisi juu yake, maji yakiwafika kifuani. Ng'ambo barabara ilikuwa ngumu kidogo. Nikakanyaga. Sijawahi kukanyaga vile na sitakanyaga vile tena. Émilie alikuja ubavuni na baiskeli yake, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye mgongo wa Alfani.

"Anapumua?" nikamuuliza, maana mimi sikuweza kugeuka.

"Anapumua."

Vilima vilikuwa bado. Cha kwanza nilikianza nikijua sitakimaliza. Katikati pumzi ikanikatika, baiskeli ikayumba, na hapo nikasikia wepesi. Watu walikuwa wanatoka kanisani. Mwanamume mwenye koti na Biblia kwapani alikuwa ameweka mkono kwenye porte-bagage. Mwanamke akaweka wa pili, viatu vyake vizuri vimezama katika matope. Walitusukuma hadi juu, wakatuachia, wakarudi kwenye njia yao. Hawakuuliza jina. Kilima kilichofuata wakawa wengine. Mimi nililia kwa sauti barabara nzima na sikuona haya.

"Alfani, tuko karibu. Unasikia? Mama amepika samaki. Ukilala nitakula yako."

"Mm," akasema. Kisha, "Yaya, usikimbie sana."

"Sikimbii. Shikilia."

Kilima cha mwisho kabla ya kuteremkia mto Tshopo kina kona kali. Baba alikuwa akisema kwamba abiria aliye hai hukusaidia bila mwenyewe kujua: ukilala kushoto naye analala kushoto, hata awe mlevi, hata awe usingizini. Gunia halifanyi hivyo. Gunia linakwenda linakotaka lenyewe. Niliingia katika ile kona nikalala kushoto, na mzigo wangu ukaenda kulia. Karibu tuanguke. Nikauinua kwa nguvu ya kiuno, nikaendelea.

"Anapumua?"

Émilie alichelewa kidogo tu. "Anapumua."

Nikakanyaga. Daraja la Tshopo, maji yakinguruma chini yetu, watu wanatazama mwanamke wa matope aliyebeba mwanamume wa matope. "Anapumua?" "Anapumua, Yaya Karima." Nikapita mzunguko wa rond-point bila kutazama gari. "Anapumua?" "Anapumua." Mgongo wangu ulikuwa umeanza kupoa pale palipokuwa na joto lake. Niliendelea kuuliza kwa sababu kila nilipouliza alinijibu, na kila aliponijibu Alfani alikuwa bado yuko njiani pamoja nasi, anarudi nyumbani kula samaki.

Katika ua wa hospitali waliishika baiskeli kabla sijasimama. Muuguzi, mtu mzima mwenye miwani, akampima shingoni, akamfungua jicho kwa kidole gumba. Akatutazama mmoja mmoja.

"Toka wakati gani iko hivi?"

Émilie alikuwa amekaa chini kwenye saruji, magoti amekumbatia. "Toka ile kona," akasema. "Yaya, nisamehe. Toka ile kona."

"Najua," nikamwambia.

Muuguzi akaleta mkasi, akaifungua miguu yake, akataka kukata na kikwembe, maana mafundo yalikuwa yamekaza kwa maji na uzito. Nikamzuia mkono. Nikayafungua mwenyewe kwa kucha, polepole, la kwanza, kisha la pili. Nikainama mbele, mikono nyuma, nikimshikilia mapaja, kama anavyoinama mama yeyote anayemshusha mtoto kitandani. Vijana wawili wa machela wakampokea, mmoja akamshika ovyo kwenye mbavu.

"Polepole na kushoto, tafadhali," nikamwambia. "Pale njo inamuuma."