Msumari wa Baba Mkwe

Mimi ni fundi rangi, na fundi rangi akiona msumari ukutani mkono unamwasha. Kabla sijafungua kopo, nang'oa misumari, naziba matundu, napiga msasa. Kwa hiyo baba mkwe alipolazwa kwa upasuaji wa jicho, nikaamua arudi akute sebule mpya, na ule msumari wake wa kutu juu ya tangi la samaki ukawa wa kwanza kung'oka.

Msumari huo ulibeba pampu ya hewa, imefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, inanguruma pale juu mchana kutwa. Aibu tupu. Nikaishusha sakafuni nyuma ya tangi, kando ya zawadi yangu ya pili: betri kubwa, ili umeme ukikatika samaki wasikose hewa. Fundi umeme aliyeifunga alinionyesha swichi. "Umeme ukienda, bonyeza hapa. Taa ya kijani ikiwaka, kalale."

Tangi lile lina samaki kumi na wanne, wamebanana, na mkubwa wao anaitwa Mwenyekiti. Mama mkwe alimleta akiwa na urefu wa kidole, mwaka mmoja kabla hajatuacha. Baba mkwe, fundi saa mstaafu, huzungumza naye kila asubuhi. Alipokuwa anapanda gari kwenda hospitali alinishika bega. "Mkwe, yote nakuachia, lakini huyo nikirudi nimkute." Miaka tisa nimeoa kwake, na hilo ndilo jambo la kwanza kuniamini nalo.

Siku ya kurudi kwake, saa tano asubuhi, umeme ukakatika. Nilikuwa juu ya ngazi, tangi nimelifunika kwa shuka kuukuu, ukuta wake umefika nusu. Fundi rangi haachi ukuta katikati. Rangi ikikauka nusu, mstari unabaki. Nikamaliza. Dakika kumi, labda kumi na mbili. Kisha nikashuka, nikabonyeza, kijani kikawaka. Nikajipongeza, nikaenda jikoni kupaka fremu za dirisha huku nikipiga mluzi.

Ilikuwa karibu saa sita mke wangu alipoinua ile shuka akapiga ukelele.

Samaki wote walikuwa juu, midomo nje, wanahema. Mwenyekiti alikuwa ameinama upande. Hakukuwa na povu hata moja, na taa ya kijani inawaka vilevile, kama inanicheka. Nikainua pampu, ikatema maji. Hapo nikaelewa. Ilipozimika, maji ya tangi yalishuka kwa mpira mwembamba unaopeleka hewa tangini, yakaingia ndani yake, kwa sababu mimi mjuaji niliiweka chini. Kule juu msumarini yasingeifikia.

"Ulibonyeza mara tu umeme ulipokatika?" mke wangu akauliza.

"Nilimaliza ukuta kwanza."

Alichukua jagi, akawa anachota maji ya tangi na kuyamwaga tena kutoka juu, yashike hewa. Nami nikashika sufuria. Tulichota na kumwaga hadi mabega yakauma, na Mwenyekiti akazidi kulala.

Tulisikia teksi, kisha mlango. Baba mkwe alisimama kizingitini, jicho moja limefungwa bandeji. La pili siku hizi huona vivuli tu.

"Mbona kimya?"

Hakungoja jibu. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, akanyoosha mkono ukutani. Siku ilikuwa ya unyevunyevu, rangi haijakauka, kiganja kikanata. Akapapasa kushoto, akapapasa juu.

"Msumari uko wapi?"

"Nimeung'oa, baba."

"Mwenyekiti yupo?"

Ningeweza kumdanganya. Asingeniona.

"Amelala ubavu, baba. Nimeharibu."

Akaninyooshea kiganja chenye rangi. Nilitamani ardhi inimeze.

"Nipe pampu," akasema. "Na bisibisi ndogo, droo ya juu. Nawe binti yangu, usiache kumwaga."

Aliifungua magotini kwa vidole tu, akaipangusa ndani kwa pindo la shati, akapuliza, akafunga. Kisha akaweka kidole katikati ya alama za viganja vyake mwenyewe. "Hapa. Piga."

Nikapiga. Plasta ikamwagika kwenye kazi yangu ya siku tatu. Tukaitundika pampu, nikabonyeza swichi. Ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, ikaanza kunguruma. Povu likapanda.

"Nieleze," akasema.

"Wadogo wanashuka, baba."

"Na yeye?"

"Bado."

Tukakaa. Mke wangu alikuwa ameshika jagi tupu kifuani.

"Bado, baba." Kisha, "Pezi. Amepiga pezi." Kisha mke wangu akanidakia: "Amesimama, baba. Amesimama!"

Mzee akaketi sakafuni, akalia bila kujificha. Alipomaliza akajifuta. "Usiache mbachao kwa msala upitao, mkwe." Akaigonga betri kwa kifundo cha kidole. "Ila hii nayo ni nzuri."

Kesho yake alifunguliwa bandeji. Alimtazama Mwenyekiti kwa muda mrefu, ndipo akageukia ukuta.

"Rangi nzuri. Nani kaichafua?"

"Wewe, baba."

Alicheka hadi akashika jicho. Viganja vyake vingali pale, vimeuzunguka msumari. Rangi imebaki robo kopo, na mkono hauniwashi.