Bega la Marlys Halijambo

"Sisi si watu wa mahakamani," Duane alisema kwa mara ya nne, akihangaika na sidiria ya mkewe mgongoni.

"Sawa. Sisi ni watu wa kufungwa sidiria na waume," Marlys alijibu. "Taratibu, bwana, hiyo si ndoana."

Miaka mitatu kasoro siku nne mkono wake wa kushoto ulikuwa haupandi kupita kifua. Zikipita hizo siku nne, muda wa kudai fidia nao umepita. Kijana wa Lindquist, anayefanya kazi duka la dawa, alimchoma chanjo ya mafua juu mno, penye mfupa wa bega. Marlys, kama yeyote aliyelelewa vizuri Minnesota, ambako kulalamika ni aibu, alimshukuru. Wiki iliyofuata akampelekea keki.

"Utamwaibisha kijana wa watu. Tunakaa naye benchi moja kanisani!"

"Hashtakiwi. Anayelipa ni mfuko wa serikali wa fidia za chanjo. Wakili amekueleza mara tatu, ya mwisho kama anaongea na mtoto wa chekechea."

Mezani palikuwa na faili la kliniki. Mara tano Marlys alikwenda kutibiwa, na mara tano daktari aliandika kwa uaminifu alichoambiwa: "Mgonjwa anasema hajambo." "Mgonjwa anasema wapo wenye shida zaidi." Siku aliyoendesha gari akilia njia nzima: "Mgonjwa ameulizia hali ya mama yangu."

Kwa hiyo wakili alitaka shahidi aliyeona maumivu yakianza ndani ya siku mbili baada ya chanjo. Shahidi alikuwa mmoja tu.

"Andika ulichoona. Kesho yake ulinivalisha koti."

"Na sidiria niiandike?"

"Hiyo hasa."

"Jaji wa Washington anayeamua fidia aisome?"

"Hatazimia."

Duane alijikuna kisogo. "Lakini mama, si umeshazoea? Si mbaya sana."

Hayo yalikuwa maneno ya Marlys mwenyewe, neno kwa neno. Marlys akaufuata mkebe wa kahawa kabatini kwa mkono wa kushoto. Mkono ukakwama palepale pa siku zote. Safari hii hakutabasamu.

"Ni mbaya," alisema. "Bega linauma, Duane. Liliuma hata nilipokuwa naoka ile keki."

Huyu ndiye mwanamke aliyekuwa katika uchungu wa kuzaa akamuuliza mkunga kama amekula. Duane akavuta kiti, akaandika ukurasa mzima bila kuinua kichwa, akatia sahihi.

Marlys akaupiga picha na kumtumia wakili, kabla mumewe hajaanza kulifuta neno sidiria.