Fundo la Kafuri

Mama mkwe wangu, Bi Mwanamkuu wa Kisarawe, aliweka sanda yake sandukuni mapema, maana kifo hakipigi hodi. Pamoja nayo aliweka kafuri ya kuoshewa maiti yake, ameifunga kwenye kipande cha leso kwa fundo lake mwenyewe, ambalo hakuna mwingine aliyejua kulifunga. Ufunguo wa sanduku niliutunza mimi, Siwema, mke wa mwanawe.

Mwezi wa Mfungo Sita, mwaka 1949, katikati ya joto, alitoa sanda aianike. Fundo lilikuwa vile vile. Alipolifungua, hamna kitu.

Basi balaa. Mwizi wa kawaida hufungua fundo, alisema. Anayetoa kitu bila kuligusa ni mchawi, na ufunguo ulikuwa kwangu. Nikajitolea kula yamini kwa Msahafu. Akasema wachawi nao huapa. Mume wangu Pazi, mtu mzima na ndevu zake, akatazama miguu yake. Nikaambiwa nifunge mizigo, Ijumaa nirudishwe kwetu Masaki. Nililia, kwa hasira zaidi ya huzuni. Mwanamke aliyerudishwa kwa uchawi haolewi tena, na wadogo zake nao hawaposwi.

Alhamisi nilimwendea Maneno, dresa wa zahanati, maana dawa yake ya kuchua ilinukia kafuri. Nilitaka kumwomba kipande tu, mama arudishiwe chake.

Maneno akacheka. "Haikuibwa, dada. Imeondoka yenyewe."

Jioni akaja nyumbani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama umekuja kumtetea mchawi, rudi ulikotoka."

Hakurudi. Alitoa chupa yenye vipande viwili vidogo vya kafuri. Kimoja akamwambia mama akifunge kwa fundo lake, akitundike juani mlangoni pake. Kingine kikabaki chupani, kizibo kimekazwa. Akaomba siku kumi, mama akakubali shingo upande.

Siku kumi hizo mizigo yangu ilikaa imefungwa.

Siku ya kumi mama alilifungua fundo kwa mkono wake. Leso tupu. Akainua chupa: kipande kimo, na juu, kwenye shingo ya chupa iliyokuwa safi, chembe nyeupe zimeganda.

"Kila kitu, mama, kimejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana, nazo hazitulii," Maneno alisema. "Kikiwa kigumu, zimeshikana, zinatetemeka pale pale. Joto likiongezeka, mwendo nao unaongezeka. Za samli huanza kuteleza, ndiyo kuyeyuka. Za maji yanayochemka huachiana kabisa, ndiyo mvuke. Za kafuri hazina subira. Hazipitii hata kuyeyuka, zile za juu huchomoka zikaenda zake hewani. Leso haizizuii. Chupani hazina pa kutokea, basi zikigusa kioo kilichopoa, mwendo unapungua, zinashikana tena."

Mama akaivuta sanda, akainusa kwa muda mrefu. "Kwa hiyo harufu hii..."

"Ndiyo kafuri yako, mama. Hakuna aliyeichukua."

Mama akakaa kitako. Pazi akashusha pumzi kwa sauti. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja, kifua chepesi, kisha nikamkata Pazi jicho ambalo hakulisahau mwaka mzima.

Mama hakuniomba radhi. Si mtu wa hivyo. Alikikaza kizibo, akanishika mkono, akaniwekea chupa kiganjani.

"Itunze, mwanangu. Siku yangu ikifika, wewe ndiye utakayeniosha."