Nyuzi za Dada Mkubwa

Asubuhi ile, mtafiti ambaye kwao wanamwita Profesa kwa utani aliziondolea seli zake za maabara protini moja tu, ile inayokaa katikati na kushika ncha za mirija midogo inayopitisha mizigo ya seli. Akainamia hadubini. Mirija iliyokuwa imenyooka kutoka katikati hadi ukingoni ilikuwa imetawanyika ovyo, na mizigo imekwama njiani. Seli zilikuwa hai, ila hazikujua ziende wapi.

"Kitu kidogo hivi!" alisema peke yake, na moyo ukamjaa heshima.

Aliporudi nyumbani alimkuta dada yake mkubwa jikoni, nyuzi zimemtoka mgongoni. Zilikuwa za kijani, zinang'aa kidogo, kama zile za kwenye hadubini. Uzi mmoja ulikwenda kwa baba, mwingine kwenye kola ya kaka yao, mwingine kwenye viatu vya watoto wa kaka. Watu waliziruka wakipita, wala hawakukatisha mazungumzo.

"Zimeanza lini hizi?"

"Tangu mama afariki. Wewe ndiyo kwanza unaziona. Hebu sogea, unaukanyaga wa baba."

Profesa akasogea, akakaa kumtazama. Dada alikuwa akikata vitunguu. Bila kugeuka, akaufupisha uzi mmoja, na huko sebuleni baba akakumbuka dawa zake. Kazi safi kabisa. Profesa hakuwahi kumpenda dada yake kama alivyompenda siku ile, akamwambia hivyo hivyo.

"Asante, mdogo wangu. Sasa nisemee kwa baba. Chuo cha ukunga kimeniita, Jumamosi naondoka. Nikikosa mwaka huu, umri hauniruhusu tena."

Jioni familia ikakaa. Baba alimsifu binti yake mpaka machozi yakamlenga. Kaka akasema bila dada nyumba hii si nyumba. Profesa akaeleza habari za ile protini, akimfananisha dada nayo, akaeleza vizuri mno, wakapiga makofi. Hakuna aliyejitolea kushika uzi hata mmoja.

Jumamosi Profesa alimsindikiza dada kituoni, nyuzi zikiwafuata nyuma. Dada alipopanda mlangoni mwa basi zikakaza. Dada akauma meno, akavuta. Ukakatika wa kaka, na kaka huko nyumbani akatafuta soksi zake mwenyewe. Ukakatika wa watoto, wakafunga viatu. Ukakatika wa baba, naye akainuka akachukua dawa.

Ukabaki mmoja. Dada akaufuata kwa macho mpaka kwenye mkono wa Profesa.

"Niachie, Profesa," alisema taratibu.

Profesa akautazama uzi ule. Ulikuwa mzuri, imara, umenyooka kuliko wowote aliowahi kuuona maabara.

"Nakuachia, dada. Ila kwanza, funguo zangu za maabara umeziweka wapi?"

Dada akaanza kumweleza. Profesa hakuelewa. Dada akashuka ili amwelekeze vizuri, na basi likaondoka.