Mnavu wa Mzazi

"Tumekimaliza kibanja chote, mama Novatus!" Therese alisema, akikung'uta udongo kwenye jembe. "Hata jani la kumpa sungura hulipati humo."

Wanawake saba wa jumuiya walikuwa wamesimama uani, viuno vinawauma, nyuso zinang'aa jasho. Walikuja alfajiri, bila kuitwa, kumpalilia mwenzao aliyefiwa. Wema mtupu, nani angeukataa? Benadeta aliwashukuru mmoja mmoja, akawasindikiza hadi njia ya Ihanda. Aliporudi alichukua kikapu, akaingia kibanjani kuchuma mnavu. Hapo ndipo alipoona walichomfanyia.

Mnavu wote ulikuwa umeng'olewa. Ule wa nyuma ya jiko, ule wa kando ya banda la mbuzi, ule wa chini ya migomba aliokuwa akiuacha makusudi kila palizi, jembe likiukwepa kama mtu anavyomkwepa mtoto aliyelala njiani. Sasa ulikuwa umetandazwa kwenye mashina, umenyauka juani. Jamani, Therese na umri wake wote ule! Mboga isiyopandwa na mtu, kwake ni gugu tu.

Mwingine angepiga kelele. Benadeta alisimama tu. Tangu wamzike Novatus, mwanawe wa pekee, wiki sita zilizopita, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Hakulia walipomletea habari za ajali ya pikipiki. Hakulia kaburini, na watu wa Ihanda, ambao hawakosi la kusema, wakasema. Alikula, akalala, akapika. Alipojiuliza anahisi nini, hakupata kitu.

Lakini leo mnavu aliuhitaji. Ndani alikuwamo Kemirembe, mjane wa Novatus, na kichanga cha siku kumi na mbili ambacho kilinyonya kidogo, kikaachia, kikalia. Nesi wa zahanati alikuwa amekipima mara mbili, na mara zote uzito umeshuka. "Mleteni Ijumaa," alisema. "Ukishuka tena, nawaandikia hospitali ya wilaya." Leo ilikuwa Jumatano. Na mzazi mwenyewe hali. Ndizi alizisukuma, uji aliuacha ukapoa. Asubuhi ya leo tu ndipo alipofungua mdomo: "Mama, nikipata mnavu mchungu, huenda ukapita."

Benadeta akaenda kwa jirani, Rweyemamu, aliyekuwa akianika kahawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Una mnavu?"

"Upo, ila usiuguse, nakuomba. Juzi nimepuliza dawa ya magugu."

Hakuomba tena. Alirudi kwa njia ya nyuma, akapita pale kibanja kinapoishia, alipolala Novatus. Wanawake walikuwa wameishia hatua tatu kabla, kwa heshima. Na juu ya tuta lile la udongo mwekundu, uliochimbuliwa na kunyeshewa wiki sita, mnavu ulikuwa umejiotea. Mpana wa jani, mwororo, unafika magotini.

Hakuna aliyewahi kumkataza mtu kula mboga ya kaburini. Ila hakuna aliyewahi kuila. Benadeta alingoja kitu ndani yake kikatae. Hakikukataa kitu. Akapiga magoti upande wa kichwani.

"Sogea kidogo, baba," alisema, kama alivyozoea kumwambia alipokaa mlangoni mwa jiko.

Alikata ncha kwa ukucha, ili shina lichipue tena. Alipofika kifuani kikapu kilikuwa kimejaa.

Aliuchemsha kwa chumvi kidogo na karanga za kutwanga. Wengine humwaga maji ya kwanza kupunguza uchungu, lakini ya mzazi hayamwagwi; uchungu huo ndio anaotakiwa kuunywa. Akampelekea kwenye bakuli.

Kemirembe alionja, akafumba macho, akameza. Akala tena. Nusu ya bakuli alisita.

"Mama, si wamepalilia kote? Huu umeutoa wapi?"

Angeweza kusema, "Kwa Rweyemamu." Uongo ulikuwa mwepesi, tena wa huruma.

"Kwa Novatus," alisema.

Kemirembe akatazama bakuli. Kichanga kilijinyoosha kando yake, kikaanza kutafuta titi. Benadeta akanyoosha mkono kulichukua bakuli, haraka kuliko alivyokusudia.

"Lete. Nitakupikia kingine."

"Acha, mama."

Aliinua bakuli kwa mikono miwili, akanywa mchuzi wote mpaka chini. Akajipangusa mdomo, akalegeza kanga, akakiweka kichanga kifuani. Kilishika. Wote wawili wakasikiliza kama kinameza.

"Umebaki wa kesho?" Kemirembe aliuliza, bila kuinua macho.

"Umebaki," alisema Benadeta. "Kuanzia kifuani hadi miguuni sijaugusa."