Kifuniko Kilichokaa Vibaya

Kitu cha kwanza alichokiona Thirza kilikuwa upenyo mwembamba, unene wa unywele tu, kati ya kifuniko na kitako cha kopo.

Kopo lenyewe lilikuwa dogo, la kuenea kiganjani, na juu yake kulichorwa kidege cha buluu kimetua kwenye kijiti. Zamani lilijaa risasi za bunduki ya upepo, zile ndogo kama punje za mtama. Sasa lilikuwa tupu, limekaa katikati ya meza ya Bwana Fereday, na kadi mbele yake ilitaja watengenezaji na mwaka: Hollis na Pask, 1937.

Kadi ile aliiandika Thirza mwenyewe, msichana aliyekuja kila Jumatano kumwoshea mzee huyo makopo yake. Bwana Fereday alikuwa na miaka sabini na tisa na macho yalikuwa yakimtupa mkono. Alipapasa kopo kwa kidole gumba, akataja mwaka, Thirza akaandika. Kila Jumapili ya maonyesho, wakusanyaji wote wa makopo ya kale wa Bilston na vitongoji vyake walipanga foleni kwenye ukumbi wa kanisa awatajie umri wa makopo yao. Ukingo uliokunjwa kwa ndani ni wa kabla ya vita. Ukingo uliokatwa na kuachwa hivyo hivyo ni wa baadaye, bati lilipokuwa adimu. Ndani kukiwa na rangi ya asali, ni la zamani. Kukiwa kweupe kavu, ni la juzijuzi. Hakuna aliyebishana naye.

Thirza aliinama kulitazama vizuri, akakumbuka. Jumatano alikuwa ameosha makopo mawili ya kidege cha buluu kwenye beseni moja, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, akayaanika karibu na jiko. Mawili yaliyofanana kwa nje, moja la zamani, la fahari, na moja la juzijuzi, la kawaida. La kawaida lilikuwa sasa chini ya meza, kwenye kapu la vitu vya kuchagua, na tangu asubuhi watu walikuwa wakilichakura.

Alitaka kusema. Lakini ukumbini humo, kwa miaka minne, hakuwa amesema zaidi ya "karibu" na "chai ipo".

Ndipo Clem Rudge akafika, mkononi ana kipande cha pai ya nguruwe, makombo yamejaa kwenye koti. Clem alikuwa mshindani wa Fereday tangu wote wawili wakiwa na nywele.

"Josiah, hujambo? Bado tu hujafa?"

"Nakusubiri wewe utangulie, ukanitandikie."

"Hee! Hebu nimwone huyu ndege wako anayekunyima usingizi." Clem aliweka pai mezani, akafuta vidole kwenye suruali, akalichukua kopo. Alilifungua. Alitazama ndani ya kifuniko, akatazama ndani ya kitako, na kicheko kikamkauka usoni.

"Josiah," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Hii ni ndoa ya mkeka."

Watu wa meza za jirani waligeuka. Hilo lilikuwa neno baya kuliko yote pale. Kopo lenye kifuniko cha mmoja na kitako cha mwingine lilikuwa aibu, maana wapo walioyaoanisha makusudi ili wauze kwa wageni. Na desturi ya chama chao cha wakusanyaji ilikuwa moja tu: anayeweka kopo la namna hiyo mezani kwake haandikii tena mtu kadi. Anakabidhi kalamu palepale, awe nani.

"Kifuniko ni cha asali," Clem alisema, "kitako ni cheupe kama meno ya mtoto. Pima mwenyewe."

Bwana Fereday alinyoosha mkono. Kidole gumba kilipita kwenye ukingo wa kifuniko, kikashuka kwenye ukingo wa kitako, kikasimama. Thirza alimwona akielewa. Mzee alijua nani huosha makopo yake. Hakukuwa na mtu mwingine aliyefika nyumbani kwake. Alikuwa na sentensi moja tu ya kusema na angekuwa huru.

"Ni mimi," alisema Bwana Fereday. "Nimelikosea. Macho, Clem."

Akatoa kalamu kwenye mfuko wa kifuani, ile nyeusi yenye kishikizo cha shaba, akaiweka kwenye kitambaa. Clem hakuigusa. Alionekana kama mtu aliyesukuma mlango kwa nguvu akakuta haukufungwa.

Thirza alipiga magoti chini ya meza. Mwanamke mwenye kitambaa cha kichwani alikuwa ameshika kopo la kidege cha buluu, analigeuzageuza.

"Samahani, mama," Thirza alisema. "Naomba hilo."

"Nimeshalichagua, mwanangu."

"Naomba sana. Nitakupa mengine mawili yoyote."

Yule mama alimtazama usoni, akalitoa bila kuuliza zaidi.

Thirza alisimama. Alifungua makopo yote mawili mbele yao, akabadilisha vifuniko, akabonyeza. Kile cha fahari kilishuka taratibu juu ya kitako chake, kikapumua pumzi ndogo, kikatulia bila upenyo wowote.

"Niliyachanganya mimi," alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Jumatano. Niliyaosha pamoja. Yeye hakukosea kitu. Mwaka ni uleule."

Kisha Clem akalichukua kopo, akalifungua, asali juu na asali chini, akapiga meza kwa kiganja mpaka pai ikaruka.

"Kumbe ana sauti! Josiah, umemficha wapi muda wote huu?" Akamgeukia Thirza. "Sikia, binti. Mimi niliwahi kuyachemsha kumi na mawili kwenye sufuria ya mke wangu. Picha zote zikabaki kwenye maji. Tulikula supu yenye ladha ya rangi wiki nzima. Wewe bado mwanafunzi."

Watu walicheka, na kwa mara ya kwanza Thirza hakuona kama wanamcheka yeye. Clem aliichukua kalamu, akairudisha mwenyewe kwenye mfuko wa rafiki yake, akaupigapiga mara mbili.

Saa kumi walifunga meza. Thirza alifunga makopo kwa magazeti, Bwana Fereday akiyapokea moja moja na kuyapanga sandukuni.

"Kwa nini hukuwaambia ni mimi?" Thirza aliuliza.

"Ungeacha kuja."

Thirza alifunga lingine. Alikuwa amesimama upande ambao mzee hakuuona vizuri, na labda ndiyo maana aliweza kusema.

"Bwana Fereday. Kila Jumatano nafika mapema. Nasimama pale kona, kwenye duka la samaki, mpaka saa tatu ifike, nisije nikaonekana nina hamu. Mvua ikinyesha pia nasimama. Niliacha shule nina miaka tisa, kifua kikiniuma, na hakuna aliyenirudisha. Herufi zangu nilizipata kwako, kwenye hivi vifuniko, na hukuwahi kuniharakisha. Nina hamu. Siku zote nimekuwa nayo. Asante."