Siku Baba Mary Alipoingia Hopani

Mume wangu Eliezeri alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha jasi pale Makanya, na mimi nilikuwa napika makande nje ya geti la kiwanda hicho hicho. Tulishuka kutoka Mhezi, milimani, mwaka ambao kiwanda, kilichokuwa cha shirika la umma, kiliuzwa kwa mtu binafsi. Tuliposhuka, wenzetu wengi walikuwa wanapanda kurudi makwao, maana mwenye mali mpya alipunguza watu nusu. Waliobaki walifanya kazi kama mtu aliyekalia kigoda cha miguu miwili.

Hopa, kwa asiyeijua, ni sanduku kubwa la bati nene, juu pana na chini jembamba kama faneli ya kumiminia mafuta ya taa. Limesimama juu ya miguu minne ya chuma. Jasi iliyosagwa huingia kwa juu ikiletwa na mkanda, hutokea chini kwenye kimlango, na lori husimama papo hapo chini kupokea. Jasi ikiwa kavu inashuka yenyewe. Ikipata unyevu inang'ang'ania ukutani, au inajenga daraja katikati: kwa juu unaona pamejaa, kumbe chini yake ni pango.

Zamani walikuwa wanaipiga hopa kwa nyundo mpaka ukuta wake ukawa na mabonde kama sufuria ya shule. Nyundo ikishindwa, mtu alikuwa anaingia kwa juu na mtaimbo. Kabla sisi hatujafika, kibarua mmoja wa kijiji cha Bendera aliingia hivyo, daraja likavunjika chini ya miguu yake, na jasi ya pembeni ikamfuata. Wenzake walimtoa kwa kimlango cha chini, amekwisha kufa. Habari hiyo nilisimuliwa wiki yangu ya kwanza pale, na kwa kweli nilitamani nisingesimuliwa.

Kwa hiyo mwenye mali aliponunua vaibreta nilifurahi kuliko Eliezeri. Ni mota nzito, ukubwa wa mtungi wa maji, ina vipande vya chuma vilivyokaa upande mmoja wa mhimili wake, ikizunguka inatetemeka yenyewe na kutetemesha kilichofungwa nayo. Eliezeri aliifunga kwa siku mbili. Hakuifunga kwenye bati moja kwa moja, alisema bati lingepasuka. Alichomelea kwanza chuma cha chaneli, kipande kirefu chenye umbo la mfereji, ndipo akakaza vaibreta juu yake kwa bolti nne, akaongeza mnyororo wa kuidaka siku bolti zikikatika. Ilipofanya kazi siku moja alizikaza upya. Baada ya hapo kila Jumatatu alipanda na spana yake, akizikaza na kuweka kiganja juu ya mota kusikiliza joto lake, kama mtu anayempima mtoto homa. Nguo zake za Jumatatu nilizijua kwa weupe. Nilizikung'uta nje kabla ya kuziloweka, la sivyo beseni lingekuwa uji.

Alipomaliza aliandika kwa rangi nyekundu kwenye mguu wa hopa: KIMLANGO KIKIFUNGWA, VAIBRETA IZIMWE.

Ukaja mgao wa umeme. Umeme ulikatika saa nne asubuhi ukarudi saa nane mchana, siku nyingine saa saba na nusu, siku nyingine alasiri. Malori hayakujua ratiba hiyo, yalikuja yalipokuja. Msimamizi, Bwana Linus, mtu wa Same mjini, naye akiogopa kupunguzwa kama sisi, akatoa amri: umeme ukiwepo asubuhi, hopa itikiswe hata kama lori halijafika, ili jasi ikae tayari.

"Bwana Linus," Eliezeri alimwambia, mimi nikiwa pale getini nakusanya sahani, "ukitikisa debe la unga lenye kitako, unga unafanyaje?"

"Unashuka."

"Unashuka unakwenda wapi? Unakazana. Muulize mama yeyote sokoni. Jasi ni hivyo hivyo. Kimlango kikifungwa tunaishindilia."

Linus alicheka kidogo, akatazama nje ya geti. Pale pembeni ya barabara walikaa wanaume, thelathini au arobaini kila siku, wakisubiri kibarua. "Fundi, ukichoka kazi, useme."

Eliezeri alikunja kitambaa chake cha jasho mara nne, akakitia mfukoni, akarudi kwenye kazi yake.

Kulikuwa na kitu kingine, na hicho hata Eliezeri alikuwa hakioni. Majaliwa, kijana wa Kigoma aliyeendesha swichi, umeme ulipokatika hakuwa anaizima ile ya vaibreta. Aliiacha imewashwa kwa makusudi. Ikianza kunguruma, kila mtu hata aliyelala kivulini anajua umeme umerudi, anaamka. Majumbani wenye umeme walikuwa wanafanya vivyo hivyo na taa au redio. Hakuna aliyeona ubaya. Mimi mwenyewe niliizoea: vikombe vinaanza kugongana mezani kwangu, nawaambia wateja, haya, umeme huo.

Jumatano moja ya mwezi wa Novemba, vuli imeshaanza milimani na hewa ya tambarare imekuwa nzito, walitikisa hopa tangu saa mbili mpaka umeme ulipokatika. Lori lilifika saa sita. Niliwaona wakifungua kimlango, jasi ikatoka kiasi cha beseni mbili, ikasimama. Wakapiga nyundo. Nikarudi kwenye moto wangu, maana nyundo zilikuwa za kila siku.

Saa saba na ushee dereva wa lile lori, Salimu, alikuja kukaa kwenye benchi langu.

"Shikamoo, Mama Mary. Nipe makande. Leo yana maharage au nayo yamepunguzwa kazini?"

"Marahaba. Yapo, ila ukiyatafuta kwa tochi." Nikampakulia. "Wameizibua?"

"Wapi. Imekuwa mwamba." Akapuliza kijiko. "Mumeo yumo ndani."

"Ndani ya wapi?"

"Ya hopa. Msimamizi kasema lori halilali hapa. Wamefunga kimlango, kashuka na mtaimbo, kafungwa kamba kiunoni. Usiogope, kamba kaishika Majaliwa, kaka yule ana mikono kama koleo."

Nilishika upawa mkononi. Mwanzo nilimfikiria kibarua wa Bendera. Kisha nikafikiri jambo lingine, likanijia taratibu kama maji yanayopanda kwenye kitambaa: kama Majaliwa yuko juu na kamba, nani yuko kwenye swichi?

"Salimu, swichi kazima nani?"

"Swichi ya nini? Umeme haupo, mama."

"Saa ngapi sasa hivi?"

Akageuza mkono. "Saa saba na dakika ishirini na tano."

Ng'ambo ya barabara, kwenye mashine ya kusaga, wanawake walikuwa wameshapanga ndoo zao mstari mpaka nje. Laini ya umeme ile ilikuwa moja na ya kiwanda. Wao huja wakati wanaponusa kuwa umeme unakaribia, na mara nyingi hawakosei.

Niliuacha upawa ndani ya sufuria. Sijui kama nilikimbia. Salimu alisema baadaye kwamba nilikimbia. Getini alikuwa Sankale, Mmasai aliyelinda mchana, mtu mpole aliyekula kwangu kila siku bila kusema zaidi ya maneno matatu. Aliweka fimbo yake kukata njia.

"Yeyo, mama, mwanamke hapiti. Bosi alisema."

"Sankale, Baba Mary yumo ndani ya hopa na swichi imewashwa. Umeme ukirudi itatikisika naye humo."

Alinitazama, akatazama hopa. Linus alikuwa ofisini, mlango umefungwa. Sankale aliinua fimbo akaiweka begani. "Mimi nakwenda kuangalia upande wa reli," akasema, akaondoka bila haraka.

Kutoka chini nilimwona Majaliwa juu ya hopa, miguu ameikita kwenye ukingo, kamba imezungushwa mkononi mara mbili na imenyooka kuingia ndani. Nilisikia mtaimbo ukigonga humo, ko, ko, na sauti ya Eliezeri ikihesabu kama anavyohesabu akichimba shimo la nguzo.

"Majaliwa."

"Naam, Mama Mary. Vumilia kidogo, makande tunayajia."

"Swichi umeizima?"

Uso wake ulikuwa mweupe kwa vumbi, lakini niliona ukibadilika chini ya vumbi hilo. Alitazama kibanda cha swichi, akatazama kamba. Akiachia kamba ashuke, Eliezeri anabaki juu ya daraja bila kitu. Akianza kumvuta, ni mtu mzima mwenye kilo zake, na aliyezama mpaka magotini.

"Nenda wewe, mama," akasema. "Kibanda cha kushoto. Ishushe chini. Mimi siwezi kuachia."

Halafu akainamia ndani. "Fundi, toka. Usiulize, toka."

Nyumbani kwetu tulikuwa na kibatari. Sikuwa nimegusa swichi ya aina yoyote maishani mwangu. Ndani ya kibanda kulikuwa na masanduku matatu ya chuma ukutani, kila moja lina mkono wake pembeni. Mawili mikono ilikuwa chini, moja juu. Niliogopa kwamba labda juu ndiyo kuzima. Chini ya kila sanduku palikuwa na maandishi yaliyofunikwa na jasi. Nikafuta kwa upindo wa kanga. La kwanza: KINU. La pili: MKANDA. La tatu, lile la mkono wa juu, lilikuwa na herufi za Eliezeri, ile V yake anayoianza na mkia: VAIBRETA. Darasa la nne nililoishia lilinitosha kwa hapo.

Mkono ulikuwa mgumu. Niliuvuta haukushuka. Nikaushika kwa mikono miwili, nikaning'inia kama mtu anayevunja tawi la kuni, ndipo ukashuka kwa kishindo kilichonifanya nifumbe macho.

Nikabaki nimeushika. Sikuwa na hakika kwamba nimeuzima, na sikuwa na hakika kwamba hautapanda wenyewe. Nje nilimsikia Majaliwa, "Polepole, fundi, mguu wa kushoto, nimekushika," na Eliezeri akikohoa. Nilihesabu nilichoweza kuhesabu. Nilipofika hamsini na kitu, ng'ambo ya barabara mashine ya kusaga ilikoroma, ikashika, na wanawake wakapiga vigelegele.

Umeme umerudi. Nilibana ule mkono mpaka viganja vikaniwaka, nikasikiliza. Hopa ilikaa kimya. Nilisikia kitu kizito kikidondoka, nikadhani ni yeye, kumbe ulikuwa mtaimbo Eliezeri alioutupa nje kabla ya kujivuta ukingoni.

Alikuja mwenyewe kibandani. Alikuwa mweupe kote, kope na masikio, kamba bado kiunoni, macho mekundu.

"Achia, Mama Mary."

Vidole havikufunguka. Alivifungua yeye, kimoja kimoja, akianzia kidogo.

Linus alitokea ofisini akiwa ameshasikia mashine ya kusaga. "Umeme upo, mbona vaibreta hailii?" Kisha akaniona. "Na nani kamruhusu mpishi kwenye swichi?"

Majaliwa alikuwa ameshuka, amekaa chini, mistari ya kamba imechora damu mkononi. Yeye ndiye aliyesema. "Mimi niliiacha imewashwa, bosi. Kama kila siku. Fundi akiwa ndani."

Linus aliitazama mashine ya kusaga, akaitazama hopa, na nadhani alipiga hesabu ile ile niliyokuwa nimeipiga mimi. Lakini watu wa kazi wakishikwa na woga hurudi kwenye kazi. "Sawa. Lori linasubiri. Iwasheni."

Eliezeri hakupandisha mkono wa swichi. Alifungua lile sanduku la tatu, akang'oa ndani yake fyuzi tatu nyeupe za kaure zinazopitisha umeme, akazishika kiganjani.

"Kimlango kifunguliwe kwanza," alisema. "Majaliwa akae mbali. Nihesabu watu wote chini. Halafu nitazirudisha. Na kuanzia leo lori likiwa halipo, hopa haitikiswi. Ukitaka vinginevyo, Bwana Linus, waite wale wa nje ya geti, uwaonyeshe na pa kuingilia."

Alisema polepole kama anayeomba maji. Linus alitazama zile fyuzi, akaenda mwenyewe kufungua kimlango. Fyuzi zikarudishwa, swichi ikapandishwa, vaibreta ikanguruma, daraja ambalo Eliezeri alikuwa amelichimba nusu likaanguka mara moja, na lori zima likainama kwa uzito. Vumbi lilifika mpaka kwenye sufuria yangu.

Kazi hakufukuzwa. Mimi ndiye niliyefukuzwa getini, kwa kuwa niliingia bila ruhusa. Sankale naye alikatwa mshahara wa siku tatu kwa kutazama reli. Nilihamisha mafiga yangu ng'ambo, karibu na wanawake wa mashine.

Hopa haikuacha kuziba, mvua ni mvua. Na mara mojamoja ilimlazimu Eliezeri kuingia. Siku kama hiyo alivuka barabara kwanza, mbele ya wateja, akaniwekea zile fyuzi tatu mkononi. Mimi nilizifunga kwenye pindo la kanga, nikakaza fundo, na sikupakulia mtu chakula, hata angegomba vipi, mpaka mwenyewe aliporudi kuzichukua.